Mbwa wa nyumbani na uanafunzi wa Kikristo: mwongozo wa wiki 7 kwa viongozi wa vikundi Mtwara na Lindi

Katekista, mwinjilisti au kiongozi wa vijana mwenye kikundi cha watu 6 hadi 10 anaweza kuendesha mafunzo haya kwa gharama ndogo: mbwa mmoja mwenye afya, kamba ya mita 2, dagaa kidogo, daftari na Biblia. Hayachukui nafasi ya mafundisho ya ubatizo wala ya kipaimara. Yanamfaa aliyekwisha kupita huko, anayajua maswali na majibu yote, na sasa anatakiwa kumfuata Kristo Jumatatu asubuhi. Kusini hii, ambako Waanglikana walianza kazi Masasi mwaka 1876 na Wabenedikto wakafika Ndanda mwaka 1906, wanaojua kukariri hawakosekani.

Kanuni inayobeba mafunzo yote ni hii: tazama kwanza, aya baadaye. Walimu wengi huja na aya mkononi, kisha wanamlazimisha mnyama aithibitishe. "Mnaona alivyo mwaminifu?" Mbwa anayemfuata mwenye sahani anafuata sahani, na kijana yeyote aliyekulia nyumba yenye mbwa analijua hilo. Ukimpamba mbwa kwa sifa asizo nazo, somo limekufa kabla hujafungua Biblia.

Maandiko yenyewe yanaanza kwa kutazama. Ayubu 12:7 inasema tuwaulize wanyama, nao watatufundisha. Isaya 1:3 inasema "Ng'ombe amjua bwana wake, na punda ajua kibanda cha bwana wake", kisha inawageukia watu wasiojua. Lakini usifiche upande wa pili: mbwa katika Biblia mara nyingi ni tusi. Wafilipi 3:2 na Ufunuo 22:15 hazimsifu hata kidogo. Mbwa wengi wa miji ile walikuwa mbwa koko waliokula mizoga. Mshiriki akikuuliza, mjibu hivyo waziwazi, kisha mwonyeshe Mathayo 15:27, ambapo mama Mkanaani anazungumzia mbwa walio chini ya meza ya nyumba.

Kabla ya kuanza: majirani, mbwa na kalenda

Anza na majirani. Pwani yote ya Mtwara, Mikindani, Lindi na Kilwa, majirani zako wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi: chombo au nguo iliyoguswa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mbwa akimrukia mzee mwenye udhu anayekwenda kuswali, umemsumbua kweli, na samahani yako haimwoshei nguo yake. Kwa hiyo mfanyie mbwa mazoezi ndani ya uzio wa kanisa au wa nyumba, awe kwenye kamba muda wote mkiwa nje, asikaribie baraza wala kisima cha pamoja. Epuka saa ya magharibi na mchana wa Ijumaa, njia zinapojaa waendao msikitini. Kabla ya wiki ya kwanza mpitie balozi na jirani wa karibu, piga hodi, uwaeleze unachofanya. Mahali ambapo bado ni kero, tumia paka, au kuku mwenye vifaranga (Mathayo 23:37 inakusubiri hapo). Masomo ya wiki ya 1, 2 na 4 yanawezekana kwa paka ukiwa na subira. La kamba, sahau.

Mbwa anayefaa ana umri wa kati ya miezi 4 na miaka 3, amezoea watu, na ana mwenyewe anayeweza kumfanyisha mazoezi kila siku. Usichukue mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki 8, bado ni wa mama yake. Usichukue mbwa anayeshinda kwenye mnyororo: huyo anamwona kila mgeni kuwa adui, na mtu wa kwanza kuumwa atakuwa mtoto.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima. Hutolewa mbwa anapofikisha miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Ofisa mifugo wa kata atakuambia inapatikana wapi, na cheti kikae kwenye daftari la kikundi. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, hata na mbwa aliyechanjwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha siku hiyohiyo aende kituo cha afya. Usipake majivu, mafuta ya taa wala pilipili. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakina tiba, na sala ya kikundi isiwe sababu ya kuchelewa.

Kipigo hakuna, wala jiwe, wala teke. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na Mithali 12:10 ilishatangulia: "Mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake". Katika kila kikundi yupo mtu aliyezoea kumrushia mbwa jiwe kila anapomwona. Mwambie kanuni hii siku ya kwanza, mbele ya wote.

Kalenda nayo ina neno. Korosho zikianza kuanguka, kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba, watu wako mashambani na kikundi kitakatika. Anza Mei au Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Mkutane saa 12 na nusu asubuhi au saa 10 na nusu jioni. Saa 8 mchana mbwa atalala kivulini na hamtaona chochote. Na mbwa asicheze kwenye maganda ya korosho mbichi, mafuta yake huunguza mdomo.

Chakula cha zoezi: dagaa wa pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke usiku kucha, mwaga maji, wasuuze, kisha wakate vipande vya ukubwa wa punje ya kunde. Vipande 15 vinatosha kwa zoezi moja. Kisipopatikana kitoweo, tonge ndogo za ugali uliochanganywa na mchuzi usio na kitunguu zinafaa. Miiba ya samaki mkubwa na mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, huchoma utumbo.

Kipindi kinavyokwenda

Dakika 75. Za kwanza 15 ni za kumtazama mbwa bila kusema. Kisha dakika 10 kila mtu anaandika kimya katika safu tatu: kilichotangulia, alichofanya mbwa, kilichofuata. Dakika 20 za kusomeana, 20 za Neno, 10 za maombi na kupanga zoezi la wiki. Ukibanwa na muda, punguza maelezo yako wewe. Safu tatu usiziguse.

Katika safu ya kati maneno kama "amefurahi" au "ana kiburi" hayaruhusiwi. Andika kinachoonekana: mkia umeshuka, masikio yamelala nyuma, amelamba midomo mara mbili, amegeuza uso. Watu watalalamika kwamba hii ni kazi ya shule. Wavumilie. Asiyeweza kuandika amsimulie jirani yake. Wiki ya 3 mtaanza kuwasikia wakisimuliana hivyohivyo habari zao wenyewe ("nilipopigiwa simu na fulani, nikanyamaza, kisha nikaenda kilabuni"), na hapo ndipo mafunzo yanaposhika.

Wiki ya 1: Sauti

Watu watatu wasimame nyuma ya ukuta au uzio wa makuti, mbwa akiwa upande wa pili na kikundi. Kila mmoja aite kwa zamu, "Simba, njoo", kwa sauti ya kawaida, wakipishana dakika moja. Mwenye mbwa awe wa tatu. Waitaji wanawe mikono kwanza wasinukie dagaa. Mara nyingi masikio yatageukia kila sauti, lakini mwili utainuka kwa moja.

Kisha rudieni, safari hii mgeni akiwa ameshika dagaa na mwenye mbwa akiwa mikono mitupu. Mbwa wengi watakwenda kwa dagaa. Usikasirike, hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta. Soma Yohana 10:27, "Kondoo wangu waisikia sauti yangu, nami nawajua, nao wanifuata", halafu usome Yohana 6:26, ambapo Yesu anawaambia watu kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba. Swali la kikundi: ni nani mwingine ananiita akiwa na dagaa mkononi, na mara ya mwisho nilikwenda lini? Zoezi la wiki: kila mtu asome Injili ya Marko sura mbili kwa siku, kwa sauti. Mbwa hakuijua sauti ya mwenye naye kwa kuhadithiwa.

Wiki ya 2: Kuitwa na kuitika

Hili ndilo somo linalowachoma viongozi kuliko washarika, na lisipite haraka.

Neno "njoo" hufundishwa hivi. Siku mbili za kwanza, simama hatua 2 kutoka kwa mbwa, sema jina lake na "njoo" mara moja tu, na akifika mpe kipande ndani ya sekunde moja au mbili. Ukichelewa hata sekunde 5, atadhani amelipwa kwa kukaa au kwa kunusa kiatu chako. Akija mara 8 kati ya 10, ongeza hadi hatua 5, kisha 10, kisha penye kuku na watoto. Zoezi lisizidi dakika 5, mara mbili au tatu kwa siku. Usirudie neno: anayesema "njoo, njoo, njoo" anamfundisha mbwa kwamba la kwanza na la pili hayana maana. Nyumba nzima itumie neno hilohilo. Baba akisema "njoo", mama "hapa" na watoto wakapiga mluzi, mbwa hajakaidi, ila hajui mnataka nini.

Sasa kosa lenyewe. Mbwa amekula mayai. Mwenye naye anamwita "njoo", anakuja, anachapwa. Kwa mtu, amechapwa kwa ajili ya mayai. Kwa mbwa, amechapwa kwa kuja, maana kuja ndiko kulikotangulia kipigo. Ikirudiwa mara chache utamwona akiitwa anasimama mita 3 mbali, kichwa chini, mkia kati ya miguu, analamba midomo, na watu wanasema "anajua kosa lake". Anachokijua ni fimbo. Dawa: unapotaka kumfunga au kumwogesha, mfuate wewe alipo, usimwite. Neno lililoharibika liache, chagua jipya, uanze tena kutoka hatua 2. Na kwa kila mara unayomwita kwa jambo asilolipenda, mwite mara 10 kwa jema.

Mkishaandika safu tatu za hilo, uliza: msharika wetu aliyeacha kuja, mara ya mwisho tulimwita kwa ajili ya nini? Kwa vikundi vingi jibu ni mashtaka au mchango. Someni Mwanzo 3:8-10, Adamu anavyojificha akiisikia sauti. Kisha Luka 15:20: mwana bado yuko mbali, na baba ndiye anayekimbia. Zoezi la wiki: kila mmoja amtembelee mtu mmoja aliyenyamaza, bila shtaka na bila bahasha. Akae, anywe maji, aulize habari za nyumbani na za shamba, aage. Wengine watarudi wakisema wenyeji walikuwa wanasubiri waambiwe kilichowaleta. Liandikwe kwenye safu ya tatu.

Wiki ya 3: Kamba

Kamba ya mita 2, ukanda wa shingoni unaoruhusu vidole viwili kupita chini yake. Anza kutembea. Mbwa akivuta, simama kimya, usimvute kurudi. Kamba ikilegea, endelea. Siku ya kwanza katika dakika 10 huenda mkafika mita 20 tu, na kijana mwenye haraka ataudhika kuliko mbwa. Ukivumilia leo na kesho ukamruhusu avute kwa kuwa umechelewa sokoni, umemfundisha kwamba kuvuta kunalipa siku nyingine, na atajaribu kila siku.

Neno ni Mathayo 16:21-23. Petro ametoka kumkiri Kristo, na mara anatangulia mbele kumwonyesha njia. Anaambiwa arudi nyuma. Ongeza Marko 3:14, kwamba wale kumi na wawili waliwekwa kwanza wawe pamoja naye, kutumwa kukafuata. Watu wa huduma nyingi kanisani, wale wa kwaya tatu na kamati nne, wape hili walitafakari kwa muda. Luka 9:23 inasema "kila siku", na siku ndiyo yenye mita 20.

Wiki ya 4: Subiri

Weka kipande chini, kifunike kwa kiganja, sema "subiri". Mbwa atanusa, atakwaruza, pengine atalia. Mara tu anapoacha kuangalia kiganja na kukutazama usoni, fungua. Anza na sekunde 3, kisha 5, 10, 30. Akishindwa mara mbili mfululizo, rudi nusu ya muda, umemkimbiza mno. Someni Zaburi 123:2, macho ya watumishi kwa mkono wa bwana zao, mkakae kimya dakika 5. Somo hili halihitaji maneno mengi.

Wiki ya 5: Acha

Mithali 26:11 inazungumzia mbwa anayerudia matapiko yake, na 2 Petro 2:22 inairudia. Mbwa kufanya hivyo ni maumbile yake, hana dhambi, usimshutumu mbele ya watoto. Kitakachowafaa zaidi ni mbwa anayeomba mezani.

Mbwa aliyezoea kutupiwa tonge wakati wa chakula akinyimwa ghafla hatulii. Kwanza atazidisha: ataomboleza, ataweka mguu juu ya goti, atabweka jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hali hii inaweza kuchukua siku kadhaa, kisha inashuka. Nyumba nyingi hushindwa kileleni hapo. Siku ya nne bibi anamwonea huruma, anatupa kipande kimoja. Amemfundisha kwamba kelele za siku nne ndiyo bei, na mara ijayo atapiga kelele siku sita. Njia sahihi: kila mtu akubaliane kabla, mbwa alishwe chakula chake dakika 20 kabla ya watu kula, apewe mahali pa kulala mbali na mkeka, na alipwe akiwa amelala kimya. Ukiondoa tabia bila kuweka nyingine mahali pake, ile ya zamani inarudi. Mathayo 12:43-45, ile nyumba iliyofagiwa ikabaki tupu, inasomeka vizuri hapa.

Sasa lihamishie somo hili kwa mwanafunzi na uraka, pombe ya mabibo (matunda ya mkorosho). Aliyeacha kunywa Machi hajajaribiwa bado. Mabibo yakiiva, kijiji kizima kinanukia, kila shamba lina mtungi, na wenzake wa kuokota korosho wanamkaribisha kwa upendo kabisa. Mweleze mapema kwamba hamu itapanda kabla ya kushuka, na kwamba kupanda kwake si dalili kwamba Mungu amemwacha. Asiyeambiwa hilo huanguka siku ya nne akidhani imeshindikana. Pangeni naye kwa kina: atakula wapi mchana, atarudi na nani kutoka shamba, atampigia nani simu saa 11 jioni. Na akianguka mara moja, anayemlea asimwambie "si kitu", wala asimfukuze. Wakae waandike safu tatu, wahesabu tena kuanzia hapo. Mwenye mikono inayotetemeka, jasho au kuona vitu visivyokuwepo anapoacha pombe aende hospitali. Hilo ni tatizo la mwili na linaweza kuua.

Wiki ya 6: Kulinda

Isaya 56:10 inawakemea walinzi walio mbwa bubu, wasioweza kubweka. Someni, kisha muulizane kuhusu mbwa wa pili: yule anayebwekea kila jani. Usiku mwizi akija kweli, hakuna anayeamka. Kiongozi anayekemea kila kitu, kuanzia suruali hadi simu, yuko hapo. Nusu saa inatosha.

Wiki ya 7: Mfano unapoishia

Mwacheni mbwa nyumbani. Someni Zaburi 32:9, inayokataza kuwa kama farasi au nyumbu, wanyama wanaozuiwa kwa lijamu kwa sababu hawana akili, kisha Yohana 15:15, ambapo Yesu anaacha kuwaita wanafunzi watumwa, kwa kuwa mtumwa hajui atendalo bwana wake, anawaita rafiki. Mbwa hata akifundishwa miaka 10 hataambiwa kwa nini anasubiri. Mwanafunzi anaambiwa, anauliza, na wakati mwingine anabishana, kama Zaburi nyingi zinavyofanya.

Hapa pana hatari ambayo kiongozi aitaje mwenyewe kabla washarika hawajaiona: mchungaji au nabii anayetaka watu wamtii yeye kama mbwa anavyomtii mwenye naye. Katika mafunzo haya mwalimu hakukaa mahali pa mwenye mbwa hata siku moja. Alikuwa kwenye mkeka na wengine, akijaza safu tatu. Acha watu waseme waziwazi wanalolijua kuhusu utii wa namna hiyo, na usimkatize anayesema.

Zoezi la mwisho: kila mtu achague tabia moja aliyoiandika tangu wiki ya 1, amtafute mwenzake mmoja wa kumwuliza kila Jumamosi kwa miezi 3. Wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Majina na tarehe yaandikwe kwenye daftari lile lenye cheti cha chanjo, na kwenye ukurasa huohuo iandikwe tarehe ambayo mbwa anatakiwa kuchanjwa tena na jina la atakayempeleka.